Neno la Mkazi na Mlango wa Serikali: Historia ya Malalamiko ya Viwanja na Usalama, kutoka Elisabethville hadi Naviundu

1. Utangulizi

Naviundu ni jina la mto, na vilevile ni jina la mtaa mmojawapo wa komini ya Annexe katika jiji la Lubumbashi, mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wataalamu wa mambo ya kale wanalijua jina hili kwa sababu ya chemchemi zake. Hapo palipatikana mabaki ya vyungu na ya kazi ya shaba ambayo umri wake umekadiriwa kufika karne ya 4 baada ya Kristo. Kwa hiyo watu walikuwa wakiishughulikia shaba mahali hapo zaidi ya miaka 1500 kabla ya Wabelgiji kuanzisha mji wa Elisabethville mwaka 1910. Hata hivyo, miongoni mwa komini saba za jiji, yaani Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba na Annexe, Naviundu imo katika ile ambayo jina lake la Kifaransa lina maana ya kiambatisho. Mahali palipotangulia mji pamehesabiwa kuwa nyongeza ya mji.

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: mkazi wa Lubumbashi, akiona kiwanja chake kinavamiwa, mfereji umeziba au njia haipitiki salama usiku, amekuwa akilipeleka neno lake kwa nani, na aliyepelekewa alikuwa na uwezo gani? Ili kujibu swali hilo ni vema kutenganisha maneno matatu ambayo Kiswahili huyatumia kwa karibu. Ombi hupelekwa kwa mkubwa, ambaye aweza kukubali au kukataa. Shitaka hupelekwa kwa mwamuzi, na lazima awepo mshitakiwa. Dai hupelekwa kwa yule anayewajibika, na msingi wake ni haki. Historia ya malalamiko ya mijini katika Katanga yaweza kusomwa kama safari kutoka neno la kwanza kwenda la tatu, safari ambayo bado haijafika mwisho wake.

2. Ombi: wakati wa kambi

Mwanzo wa jambo hili ni ardhi. Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga, ambayo ilisimamia ardhi ya nchi hiyo na, hadi mwaka 1910, utawala wake pia. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Mji uliozaliwa hivyo uligawanywa: katikati walikaa Wazungu, na Waafrika wakawekwa mbali nao, huku eneo tupu likiachwa baina ya sehemu hizo mbili. Wafanyakazi wa kampuni, kwa upande wao, walikaa katika kambi za kampuni.

Katika kambi, nyumba ilikuwa ya kampuni, na maji, zahanati, shule na chakula vilitoka huko huko. Hasa baada ya kampuni kuanza, mwishoni mwa miaka ya 1920, siasa ya kuwatuliza wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, mkuu wa kambi alikuwa ndiye serikali waliyoiona kila siku. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameieleza kampuni kwa mfano wa baba, na wafanyakazi kama watoto ambao mwishowe waliachwa na baba huyo. Mfano huo unaeleza vizuri hali ya malalamiko. Paa likivuja, mkuu wa kambi alikuwa na mafundi, mabati na amri ya kulitengeneza. Aliyepelekewa neno alikuwa na uwezo kamili. Lakini aliyepeleka neno hakuwa na haki yoyote juu ya nyumba hiyo. Akipoteza kazi alipoteza na nyumba. Kwa hiyo hakuweza kudai; aliweza kuomba tu.

3. Shitaka: wakati wa kituo

Waafrika wasiokaa kambini, yaani mafundi, wachuuzi, makarani na watumishi wa majumbani, walikuwa katika hali nyingine. Kwa ajili yao dekrii ya tarehe 23 Novemba 1931 iliruhusu kuundwa kwa vituo vya mijini vilivyokuwa nje ya utawala wa mila. Kituo cha Elisabethville kiliundwa mwaka 1932, kikiwa na chifu wake, baraza lake na mahakama yake, vyote chini ya usimamizi wa ofisa Mzungu. Makao hayo yalikua: Albert, ambayo leo ni Kamalondo, kisha Kenya, na katika miaka ya 1950 Katuba na Ruashi. Ofisa wa utawala F. Grévisse alikiandikia kituo hicho kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1951.

Kwa mara ya kwanza Mwafrika wa mjini alipata mlango wa kubisha ambao haukuwa wa mwajiri wake. Jirani aliyegombana na jirani yake juu ya kodi, deni au mpaka wa uwanja alikuwa na mahakama ya kumsikiliza. Hata hivyo, pasipo mshitakiwa hapana shitaka. Mahakama ya kituo iliweza kumhukumu jirani. Haikuweza kumwita mbele yake msimamizi wa ardhi, wala kuuliza kwa nini upande mmoja wa mji una taa na mwingine hauna. Wajumbe wa baraza nao waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Neno la mkazi lilisikilizwa pale tu lilipomhusu mkazi mwenzake.

Wakazi hawa hawakukosa kumbukumbu. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani mjini kilitoa maandishi ya Kiswahili juu ya historia ya Elisabethville, yaliyotungwa na André Yav. Maandishi hayo, ambayo Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990, ni miongoni mwa nyaraka chache ambamo mji wa Katanga unasimuliwa kwa Kiswahili na watu waliopikia na kufulia katika nyumba za wenye mji. Kuwapo kwake ni ushahidi kwamba Kiswahili cha Katanga kilitosha kubeba lawama ndefu na hesabu za miaka mingi. Kilichopungua ni mtu mwenye wajibu wa kuzijibu.

4. Dai lililochipuka: kura ya mwaka 1957

Dekrii ya mwezi wa Machi 1957 juu ya miji ilileta komini zenye mabaraza na viongozi walioitwa burugumesta. Mwezi wa Desemba mwaka huo wakazi wa Elisabethville, Léopoldville na Jadotville, ambayo leo ni Likasi, walipiga kura kwa mara ya kwanza. Wanaume pekee ndio walioshiriki. Kwa ufinyu wake wote, kura hiyo ilibadili asili ya malalamiko: mwenye kura aliweza kumwambia burugumesta kwamba mtaro uliozibwa ni deni lake.

Tunda hilo halikuiva. Katika komini za Waafrika za Elisabethville hakuchaguliwa burugumesta hata mmoja mwenye asili ya Katanga. Watatu walikuwa wa Kasai na mmoja wa Kivu. Mwaka 1958 kilianzishwa chama cha CONAKAT, na swali la mjini likageuka: badala ya kuulizwa burugumesta amefanya nini, ikaulizwa ametoka wapi. Uhuru wa Juni 1960 ulifuatwa siku chache baadaye na Katanga kujitenga, hali iliyodumu hadi Januari 1963. Mazoea ya kumhesabia kiongozi wa komini kazi yake yalikatizwa kabla hayajakomaa.

5. Mlango mmoja wenye vyumba vingi

Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi, na mwanzoni mwa mwaka 1967 mali ya Union Minière ikachukuliwa na taifa; kampuni iliyozaliwa ikaja kuitwa Gécamines. Katika enzi ya Zaire komini ziliitwa zoni, na wakuu wake walikuwa watu wa chama tawala. Hapa mlinganisho na Tanzania unafaa. Huko mabalozi wa nyumba kumi, walioenezwa katikati ya miaka ya 1960, walikuwa pia watu wa chama, lakini balozi alikuwa jirani aliyechaguliwa na majirani. Katika Zaire uteuzi ulitoka juu, na mtu huangalia kule anakotoka mteuzi wake.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya taifa, isiyouzika. Mtu hupata haki ya kuitumia tu, na uthibitisho ni hati iliyoandikishwa katika ofisi ya hati za ardhi. Juu ya ardhi inayokaliwa kwa mila, sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya rais ingetolewa baadaye. Kwa miongo mingi amri hiyo haikutolewa. Hivyo pembezoni mwa miji pakawa na watu wanaonunua kwa nia njema kile ambacho sheria haikubali kuwa kinauzika.

Mambo mawili yaliongeza uzito. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi, na wengi waliacha nyumba zao. Mfukuzwa alipotaka kulalamika, wenye mamlaka mkoani ndio waliokuwa wakiuchochea ufukuzaji huo. Kisha, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa malipo. Baba aliyetengeneza paa hakuwapo tena.

6. Naviundu na komini ya Annexe

Annexe imeizunguka Lubumbashi, na ndiko jiji lilikopanuka. Mtu aliyeshindwa bei ya kiwanja, yaani lupango kwa Kiswahili cha Katanga, katika Kamalondo au Kenya, hutafuta nje. Huko hakukuwa na kambi ya kumlea wala kituo cha kumhukumia. Mkazi wa Naviundu amezirithi njia zote za zamani bila kupata nguvu ya hata moja.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya mamlaka za mahali inaipa komini, kama lilivyo jiji lenyewe, utu wa kisheria na bajeti. Mtaa haukupewa. Chifu wa mtaa, ambaye ndiye mlango ulio karibu, huandika jina la mgeni, hushuhudia mauzo ya kiwanja, husuluhisha ugomvi. Lakini hana fedha ya kuzibua mfereji wala mamlaka juu ya hati. Viwanja viwili vikigongana, saini yake yaweza kuwa kwenye karatasi ya mmoja, na hati ya ofisi ya ardhi ikawa mkononi mwa mwingine. Mkazi hupanda kutoka mtaani hadi komini, na kutoka komini hadi ofisi ya ardhi, ambayo haiko chini ya komini. Kila chumba chamwelekeza kwenye chumba kingine.

Usalama wa Annexe haukomei kwenye wezi wa usiku. Mwezi wa Novemba 2025 maji machafu yalitoka katika bwawa la kiwanda kimoja cha madini na kufurika katika mitaa ya komini hiyo, ikiwamo Kasapa. Waziri wa madini wa taifa zima ndiye aliyesimamisha kazi za kiwanda hicho. Tukio hilo laonyesha umbali uliopo: mlango unaofunguka upo Kinshasa, na ulifunguliwa baada ya maji kuingia majumbani.

7. Hitimisho

Historia hii haionyeshi kwamba wakazi walikaa kimya. Katika kila enzi walisema, na walijua pa kubisha. Inaonyesha kwamba aliye karibu nao hakuwa na ardhi, na mwenye ardhi hakuwa karibu. Mkuu wa kambi pekee alikuwa na yote mawili, ukaribu na uwezo, na kwake mkazi hakuwa na haki. Tarehe 20 Desemba 2023 madiwani wa komini za miji mikuu ya mikoa walipigiwa kura, jambo lililosubiriwa miongo mingi. Kura hiyo yaweza kulirudisha neno la mwaka 1957, yaani dai. Lakini diwani naye atahukumiwa kwa kipimo kile kile: kama mkazi wa Naviundu akimpelekea neno la mfereji au la mpaka, je, analo la kufanya zaidi ya kumwelekeza kwenye chumba kingine?