Uzunguni ya Arusha na Miti Yake

Uzunguni ni mtaa wa kale wa Arusha, ng'ambo ya Mto Themi ukitokea Mnara wa Saa. Viwanja vyake ni vikubwa, nyumba zimejificha nyuma ya michongoma, na miti imeyapita mapaa. Kivuli hicho hakikujiotea. Kilipandwa na utawala wa kikoloni uliotaka watu wake wakae mbali na wenyeji.

Kabla ya mji, ardhi hii ya chini ya Mlima Meru ilikuwa migomba na mashamba ya Waarusha na Wameru, yaliyonyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa kutoka mito ya mlimani. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuchoma vijiji na kuswaga mifugo, kisha wakawalazimisha walioshindwa kujenga Boma, lililokamilika mwaka 1900. Mji ulianza hapo, kwa maduka machache yaliyopangwa mbele ya ngome.

Waingereza waliuteka mji huo mwaka 1916. Wao ndio walioigawa Arusha kwa utaratibu: Uzunguni, Uhindini, na makazi ya Waafrika kama Kaloleni. Ujanja wa kanuni za mipango miji ulikuwa kutotaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya jengo, ukubwa wa kiwanja na vifaa vya ujenzi, na gharama ikamaliza kazi. Mwafrika aliingia Uzunguni kama mpishi, yaya au mtunza bustani, akalala katika chumba cha boi nyuma ya nyumba. Reli ilipofika kutoka Moshi mwaka 1929, walowezi na biashara viliongezeka, na mtaa nao ukapanuka.

Miti iliyopendwa Uzunguni ilitoka mbali. Mjakaranda ni wa Amerika Kusini, mgrevilea ni wa Australia. Mjakaranda hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na kufikia Oktoba barabara hufunikwa na maua ya zambarau yanayoteleza mvua za vuli zikianza. Vijani vyake vidogo huziba mitaro, jambo ambalo wasifiaji wa mandhari hawalitaji.

Baada ya Uhuru nyumba nyingi zilipata wakazi wapya: maofisa wa serikali, kisha watumishi wa taasisi za kimataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza sehemu ya nyumba zake nchini kwa watumishi. Mji nao umekua: Arusha ilikuwa na watu wapatao 10,000 mwaka 1957. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 600,000. Ardhi ya katikati ya mji imepanda bei, na kiwanja cha nyumba moja na bustani sasa hutosha hoteli au ghorofa za kupangisha. Mti ndio huanza kuondoka, kwa sababu umesimama penye nafasi ya maegesho.

Uwanja wa Boma, ambalo sasa ni Makumbusho ya Historia ya Asili, umebaki na miti yake mikubwa. Huko mtu yeyote hukaa kivulini baada ya kulipa kiingilio.