Mtumishi na Mshauri: Historia ya Idara ya Afya Ikitazamwa kutoka Pemba

Makoongwe ni kisiwa kidogo mbele ya bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Mtumishi wa afya anayepangiwa kazi huko hana budi kuvuka bahari, na karibu kila anachokihitaji nacho huvuka: chanjo ndani ya kisanduku cha barafu, vidonge, vipimo, hata fomu za ripoti. Mama ambaye uchungu wake umekawia huteremshwa pwani na kupelekwa kwa chombo Mkoani, katika Hospitali ya Abdalla Mzee. Mahali kama hapa, idara ya afya si jengo la wizara wala semina ya hotelini, bali ni mtu mmoja au wawili wanaolipwa na serikali ili wawepo siku mtu anapougua.

Hata hivyo, historia ya afya ya Pemba imezoea kusimuliwa kwa majina ya watu waliokuja kisha wakaondoka. Hao ni washauri, na mchango wao ni mkubwa. Lakini ukizifuata tarehe kwa utulivu utaona kwamba ushauri ulizaa matunda ya kudumu pale tu ulipokuta, au ulipowafunza, watu wa kubaki kazini.

Tuanze na wakati ambao idara yenyewe haikuwepo. Katikati ya karne ya 19 Unguja na Pemba zilikuwa chini ya Masultani wa ukoo wa Busaidi, na hapakuwa na chombo cha serikali kinachoshughulikia afya za raia. Sultani alikuwa na daktari wake. Mmoja wa madaktari hao, James Christie, alikuwepo Zanzibar kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 na kuua watu kwa maelfu hadi mwaka uliofuata. Christie aliwahoji wafanyabiashara na wasafiri wa misafara, akaifuata njia ya maradhi kutoka bara hadi pwani ya Pangani na kutoka hapo hadi visiwani kwa majahazi, kisha mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu milipuko hiyo. Kazi yake ni ya kupigiwa mfano. Lakini kwa kuwa hapakuwa na idara, hapakuwa na wa kuipokea. Maarifa yaliyokusanywa vinywani mwa watu wa pwani yalikwenda kusomwa Uingereza, na visiwani hakubaki mtu aliyeajiriwa kuyatumia.

Idara ilikuja na ukoloni. Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, na utumishi wa afya ukajengwa polepole kwa ngazi zilizofuata asili ya mtu. Daktari wa Kizungu alikuwa na cheo, nyumba, likizo ya kwenda kwao kwa meli na pensheni mwishoni. Chini yake walikuwa wasaidizi, wengi wao wenye asili ya Kihindi. Chini kabisa walikuwa Waafrika: wafunga vidonda, wachanjaji wa ndui na wasafishaji, ambao kazi yao ilihesabiwa kuwa ya mikono tu. Mgawanyo huo ulipanga pia nani aitwe mtaalamu. Serikali ilimwajiri W. Mansfield-Aders kama mtaalamu wa viumbe, na jina lake lilibaki katika vitabu vya sayansi hata kwa paa nunga, yule mnyama mdogo wa misituni ambaye kwa Kiingereza huitwa kwa jina lake. Mchanjaji aliyetembea kutoka kijiji hadi kijiji na sanduku lake hakuandikwa popote. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu bila yeye takwimu za ndui zisingepatikana.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani liliamini kwamba malaria inaweza kutokomezwa kwa kupulizia dawa ndani ya nyumba, na visiwa vilionekana kufaa kwa jaribio hilo, kwa kuwa bahari huwazuia mbu wa nje. Mpango wa kutokomeza malaria Zanzibar ulianza mwaka 1958. Washauri waliratibu, lakini kazi ilifanywa na vikosi vya wapuliziaji vya wenyeji waliokwenda nyumba kwa nyumba na bomba mgongoni. Samani zilitolewa nje, vyakula vikafunikwa, na kuta za udongo zikapuliziwa kuanzia juu hadi chini. Kufikia mwaka 1968 watu waliokutwa na vimelea vya malaria damuni walikuwa chini ya 10 katika kila 100, ilhali mwanzoni walikuwa wengi kupindukia.

Mwaka huo huo mpango ulisimamishwa, na ndani ya miaka michache malaria ikarudi kwa nguvu Unguja na Pemba. Kwa nini? Maelezo yako zaidi ya moja. Wako wanaosema mbu walikuwa wameanza kuizoea dawa, na ni kweli kwamba usugu wa mbu dhidi ya dawa ya DDT ulithibitika katika miaka ya 1980, mpango mwingine uliofadhiliwa na Marekani ulipojaribu tena njia ile ile. Wako wanaosema wananchi walichoka kupuliziwa. Wengine huitazama siasa: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 uhusiano na mataifa ya Magharibi ulipoa. Kila moja lina ukweli wake, lakini kwa maoni yangu halitoshi peke yake. Usugu hauelezi kwa nini malaria ilirudi haraka hivyo katika miaka ya kwanza, wakati dawa ilipoacha kupuliziwa kabisa. Sababu nzito zaidi ni kwamba kazi ile iliundwa kama mradi wenye mwisho. Hapakuwa na kikosi cha kudumu, chenye mishahara katika bajeti ya wizara, cha kuendelea kusaka wagonjwa wachache waliosalia. Mradi ulipofungwa, watu walioujua ugonjwa nyumba kwa nyumba walitawanyika, na maarifa yao yakatawanyika nao.

Wakati huo huo serikali mpya ilikuwa ikiijenga idara upya. Baada ya Mapinduzi madaktari na maofisa wengi waliondoka, na mwaka 1964 huo huo timu ya kwanza ya madaktari wa China kutoka jimbo la Jiangsu iliwasili. Utaratibu huo haujakatika: timu zimepokezana hadi leo, Unguja na Pemba, na Hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2016, ni moja ya vituo vyao. Mwaka 1965 serikali ya Abeid Amani Karume ilitangaza matibabu bure. Msomaji wa bara akumbuke pia kwamba afya si jambo la Muungano: Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, na watumishi wake huajiriwa na Serikali ya Mapinduzi.

Tangazo la matibabu bure lilimpa mtumishi wa serikali heshima mpya na mzigo mpya kwa pamoja. Ajira ya wizara ilikuwa na maana kubwa kijijini: mshahara wa kila mwezi, likizo yenye malipo, kiinua mgongo na pensheni. Lakini fedha za kuyatimiza hayo zilitoka kwa sehemu kubwa katika karafuu, na bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1980 mshahara ulibaki kwenye karatasi huku thamani yake ikiyeyuka. Mtumishi alilazimika kuwa na shamba au chombo cha kuvulia ili familia ile.

Katika hali hiyo ngumu Pemba ilifanya jambo ambalo dunia ilikuja kuliiga. Mwaka 1986 ulianza mpango wa kudhibiti kichocho kwa dawa ya prazikwanteli, na miongoni mwa washauri wake alikuwepo daktari wa Kiitaliano, Lorenzo Savioli. Tatizo lilikuwa la kawaida: hadubini ni chache, wapimaji ni wachache, watoto ni maelfu. Jibu likatafutwa katika skuli zenyewe. Mtoto alipewa kikombe akakojoe, na mkojo ukatazamwa kwa macho tu. Ukiwa mwekundu au kama maji ya nyama, hakuna haja ya hadubini. Ukiwa safi, mhudumu alichovya kijiti chenye karatasi ya dawa, akasubiri kidogo, kisha akalinganisha rangi yake na rangi zilizochapwa ubavuni mwa kichupa. Rangi ikigeuka, damu imo, na mtoto anapewa vidonge kwa kadiri ya uzito wake. Kipimo hiki rahisi kililinganishwa na hesabu ya mayai ya kichocho chini ya hadubini, na kikaonekana kuaminika kwa kiasi cha kutosha kuendeshea kazi nzima.

Umuhimu wake ni huu: kazi ya kitaalamu iliwekwa mikononi mwa mtumishi wa ngazi ya chini, naye akaimudu. Katika miaka ya 1990 uzoefu huo ulipanuliwa kwenye minyoo. Skuli 12 za Pemba ziligawanywa, nyingine zikapewa dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka, nyingine mara tatu, nyingine zikasubiri, ili ijulikane dawa inapunguza kwa kiasi gani upungufu wa damu unaoletwa na safura. Savioli baadaye aliiongoza idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia maradhi yaliyosahauliwa, na mwaka 2001 mkutano mkuu wa shirika hilo ulizitaka nchi zote zenye kichocho na minyoo kuwapa dawa angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa skuli walio hatarini. Siwezi kusema azimio hilo lilizaliwa Pemba peke yake, lakini ushahidi wa Pemba ulikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Mwaka 2000 ilizinduliwa maabara ya afya ya jamii huko Wawi, karibu na Chake Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri, profesa wa Pavia, Italia, aliyekuwa na ndoto ya kuijenga lakini akafariki mwaka 1993 kabla ya kuiona. Maabara hiyo ilikuwa mali ya Wizara ya Afya, na watafiti wake Wapemba walikuwa waajiriwa wa serikali. Sasa mtu aliweza kuwa mtumishi wa umma Pemba na wakati huo huo jina lake likasomwa katika majarida ya sayansi ya dunia.

Mtihani wao mkubwa ulikuja upesi. Wakati huo ushauri wa kimataifa ulikuwa kwamba watoto wadogo katika maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu wapewe madini ya chuma kila siku. Utafiti wa Pemba uliandikisha zaidi ya watoto 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Mwezi Agosti 2003 makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu watoto hao walikuwa wanalazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 12. Matokeo yalitoka mwaka 2006 katika jarida la Lancet, yakiwa na majina ya Wapemba pamoja na wageni, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likawakutanisha wataalamu kuuangalia upya ushauri wake.

Hapa napo kuna maelezo yanayoshindana. Je, chuma chenyewe ni sumu kwa mtoto mdogo? Utafiti kama huo uliofanyika Nepal, sehemu isiyo na malaria nyingi, haukuonyesha madhara hayo. Na hata Pemba, katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walifaidika. Kwa hiyo maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba hatari ilitokana na chuma kukutana na malaria mahali ambapo tiba iko mbali. Mwongozo wa leo unafuata fikra hiyo: chuma kitolewe, lakini penye malaria kiende sambamba na kinga na matibabu yake. Mkondo wa ushauri ulikuwa umegeuka, na safari hii watumishi wa kisiwa ndio walioishauri dunia.

Malaria yenyewe ilianza kushuka tena mwaka 2003, dawa mseto zilipoanza kutolewa bure vituoni. Zikafuata vyandarua vyenye dawa na upuliziaji mpya kuanzia mwaka 2006, na tangu mwaka 2008 wenye vimelea wamekuwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Watafiti hawakubaliani ni kipi kilichangia zaidi, na kwa kuwa vyote vilikuja kwa kufuatana, kuvitenganisha si rahisi. Tofauti na mwaka 1968, safari hii ufuatiliaji uliwekwa ndani ya utumishi. Kituo kinapompata mgonjwa, taarifa hutumwa kwa simu, na ofisa wa wilaya humfuata nyumbani kwake kuwapima wote anaoishi nao na kuuliza nani amesafiri. Mgonjwa akiwa wa Makoongwe, ofisa huvuka.

Maslahi ya watu hawa nayo yamepangwa upya. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambapo mwajiri na mwajiriwa huchangia kwa ajili ya mafao ya uzeeni, na mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya, ambao watumishi wa umma walikuwa wa mwanzo kuchangia. Posho za miradi zimebaki jambo lenye mabishano. Wako wanaosema zimewavuta watumishi kutoka wodini kwenda kwenye tafiti na semina, na wako wanaosema bila posho hizo wengi wangekwisha kuhamia bara au Oman. Nadhani wote wanaeleza jambo moja, yaani mshahara usiotosha.

Mapema mwaka 2025 Marekani, mfadhili mkubwa wa kazi ya malaria Zanzibar, ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Swali la mwaka 1968 likarudi mezani kwa wizara: ni wangapi kati ya wanaowafuata wagonjwa wa malaria nyumbani kwao wamo katika orodha ya mishahara ya serikali, na ni wangapi wanalipwa na mradi.