Nani Aliitwa Tena Kilindini

Kampuni inapopunguza wafanyakazi, mazungumzo yote huelekea kwenye malipo: notisi ya muda gani, kiinua mgongo kiasi gani, siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa zitalipwaje. Swali jingine huachwa njiani, nalo ni hili: kazi ikirudi, nani ataitwa kwanza? Wengi hudhani jibu limekuwa lile lile siku zote, kwamba mwajiri humwita anayempenda. Historia ya bandari ya Mombasa inaonyesha vingine. Pale Kilindini, kwa muda wa miaka ipatayo thelathini, haki ya kurudi kazini iligombewa, ikaandikwa daftarini, ikasimamiwa na chama cha wafanyakazi. Nadai zaidi ya hapo: daftari lililoleta haki hiyo lilifunguliwa na serikali na makampuni kwa nia ya kuwabana makuli, na makuli ndio walioligeuza likawa ngao yao.

Ili kuelewa lilivyogeuzwa, lazima kwanza tuone kazi ilivyokuwa. Gati za kina kirefu za Kilindini zilianza kutumika mwaka 1926, lakini namna ya kuajiri watu ilitoka Bandari ya Kale. Huko, tangu karne ya 19, mizigo ilibebwa na mahamali waliolipwa kwa siku, na miongoni mwao walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakirudisha nyumbani sehemu ya ijara. Utumwa ulipopigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 1907, mtindo wa malipo ya siku ulibaki. Meli ikiingia, watu walikusanyika asubuhi langoni, serahangi, yaani msimamizi wa makuli, akachagua wa genge lake, wakapakua hadi jioni, wakalipwa, wakaachishwa. Kesho yake mambo yakaanza upya. Kwa hiyo kila kuli alipoteza kazi kila jioni na kuiomba tena kila asubuhi, mara nyingi kwa mtu yule yule na kwenye gati ile ile. Mwajiri hakumdai kitu wala hakudaiwa chumba, chakula au matibabu. Aliyekuwa karibu na serahangi kwa udugu, kwa kabila au kwa kumkatia kidogo katika mshahara wake aliitwa mapema. Asiyekuwa na ukaribu huo alirudi mtaani Majengo mikono mitupu.

Utaratibu huo ulikuwa wa kikatili, ila tukiishia hapo tutakosa nusu ya habari. Upande wa pili wa Kenya ya wakati ule, kurudi kwa mwajiri wa zamani kulikuwa adhabu. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kutoroka kazi kuwa kosa la jinai. Kisha ikaja sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyotekelezwa kikamilifu kuanzia miaka ya 1919 na 1920, ikamtaka kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi abebe cheti chenye tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa. Ambaye cheti chake hakikusainiwa na aliyemwajiri hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na polisi waliweza kumrudisha shambani alikotoka. Huko bara, basi, daftari lilikuwa kamba. Kibarua wa siku bandarini aliiponyoka, kwani mkataba unaokufa jua linapotua hauwezi kuvunjwa kwa kutoroka. Aliyeachwa huru mwaka 1907, au mwanawe, alikuwa na sababu nzuri ya kuchagua kazi isiyompa bwana. Mdigo au Mgiriama aliweza kufanya kazi wiki mbili, akarudi shambani wakati wa mvua, kisha akarejea bila kuomba ruhusa ya mtu.

Uhuru huo ulikuwa na makali ambayo serikali iliyatambua kwa kuchelewa. Mgomo wa mwenye mkataba wa mwezi ulizimwa kwa kumtishia kumfukuza au kumshtaki. Kuli wa siku angefukuzwa kutoka wapi? Aligoma kwa kutokwenda langoni tu. Makuli wa Mombasa waligoma mwaka 1934, wakagoma tena mwaka 1939, na mnamo Januari 1947 walijiunga na mgomo mkuu uliosimamisha mji kwa siku kumi na mbili, ukiwa na watu wapatao 15,000 kutoka bandarini, relini, mahotelini na majumbani. Chege Kibachia aliyeibuka kuongoza Shirikisho la Wafanyakazi wa Afrika alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini Baringo. Hata hivyo, kumfungia kiongozi hakukujibu tatizo la maofisa, kwamba watu walioshika mlango wa bahari wa Kenya na Uganda hawakuwa na mwajiri anayeweza kuwatisha.

Jibu lililopatikana lilikuwa kuandikisha majina. Jaribio la kwanza lilifanyika wakati wa vita, mwaka 1944: kila kibarua wa bandari asajiliwe, asiyesajiliwa asipewe kazi. Nguvu mpya ilitoka Uingereza, ambako mwaka 1947 ulianzishwa mpango wa taifa wa makuli, ukiwapa waliosajiliwa malipo ya chini hata siku isiyo na meli. Maofisa wa Nairobi waliuchukua mfano huo, lakini wakauanzia upande wa nidhamu. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kundi la vibarua waliosajiliwa, waliotakiwa kutimiza idadi fulani ya siku kila mwezi, na aliyepungukiwa alifutwa. Lengo halikufichwa: kutenganisha mfanyakazi wa kudumu na yule aliyeonekana mzururaji, na kumpa huyo wa kudumu kitu cha kupoteza.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapozuka. Kama daftari lilikuwa chombo cha kubana, kwa nini tuliite msingi wa haki? Na mbona makuli wenyewe walilikataa? Pingamizi hili lina ushahidi wake. Wakoloni walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba vibarua wa Mombasa hawataki mikataba ya mwezi. Dar es Salaam, mwaka 1950, makuli waligoma, na sababu mojawapo ilikuwa utaratibu mpya wa kuwaandikisha na kuwaita kazini. Mgomo ukaingia vurugu, na chama chao kikavunjwa. Lakini tuangalie walichokikataa. Walikataa daftari ambalo mwajiri peke yake ndiye alikuwa na kalamu, akiandika na kufuta apendavyo, na ambalo halikuwaahidi chochote siku meli zisipokuja. Daftari la namna hiyo ni kipande kwa jina jingine, na waliokuwa wamekikwepa kipande kwa miaka thelathini walilitambua upesi.

Mambo yaligeuka pale kalamu ilipopata mkono wa pili. Mnamo Machi 1955, nchi ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari, makuli wa Mombasa waligoma tena. Tom Mboya, aliyekuwa na umri wa miaka 24, aliteremka kutoka Nairobi kwa niaba ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akawashawishi warudi kazini ili madai yao yapelekwe kwenye usuluhishi, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Nyongeza hiyo husimuliwa sana. Kwangu jambo zito zaidi ni lile lililofuata: waajiri wa bandari walikubali kuketi na chama cha makuli na kujadiliana nacho mambo ya kazi, yakiwamo ya nani yuko daftarini na anaitwaje. Tangu Denis Akumu aliposhika ukatibu wa chama hicho mwaka 1958, suala la zamu na mgawanyo wa kazi likawa la mezani. Kufikia mwisho wa muongo huo wengi wa watu wa gatini walikuwa na ajira ya kudumu au nafasi ya uhakika katika kundi. Serahangi hakutoweka, ila upendeleo wake sasa uliweza kulalamikiwa, kwa sababu palikuwa na orodha ya kuupimia. Jina likiwa limeandikwa, kurukwa kwake huonekana.

Walioumia walikuwapo, na haifai kuwapitia juu juu. Orodha inayomlinda aliye ndani humfungia aliye nje. Kijana wa Kwale au Kilifi ambaye baba yake alikuja bandarini kwa msimu na kurudi shambani hakuweza tena kuishi hivyo. Siku zake hazikutimia, jina likafutwa, na lango likawa jembamba kwake. Sehemu ya manung'uniko ya Wapwani kuhusu ajira za bandari, ambayo tunayasikia hadi leo, ina mizizi hapo, ingawa wanasiasa hupenda kuyasimulia kana kwamba yalianza jana. Nakubali kwamba bei hii ilikuwa kubwa. Sikubali kwamba dawa yake ilikuwa kurudi kwenye lango la serahangi, kwani hapo mgeni asiye na ndugu alikuwa wa mwisho kuitwa vilevile, tena bila pa kulalamika.

Waajiri nao wana hoja: mwenye biashara ajue mwenyewe anayemtaka, na orodha humlazimisha kuchukua waliochoka. Makampuni ya Kilindini hayakuona hivyo. Yaliutaka mpango wa kuandikisha majina kwa sababu genge lililozoeana hupakua meli haraka na kwa ajali chache, na meli inayosubiri hula pesa kila saa. Shirika la Kazi Duniani limesema hayo hayo kwa lugha ya kiasi katika Pendekezo namba 166 la mwaka 1982: aliyepunguzwa kwa sababu za kiuchumi apewe kipaumbele mwajiri anapoajiri tena watu wenye sifa kama zake, kwa muda unaoweza kuwekewa kikomo, ikiwa ameeleza kuwa anataka kurudi. Mzembe hapewi hifadhi yoyote katika maneno hayo.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikufika huko. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja, atoe notisi, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kuhusu kuitwa tena, kimya. Matokeo yake ni ya ajabu: aliyefukuzwa kwa dhuluma anaweza kurudishwa kazini na mahakama ndani ya miaka mitatu, lakini aliyepunguzwa kwa kufuata sheria, bila kosa lolote, akiona nafasi yake imetangazwa mwezi wa pili hana la kudai. Anaweza kuomba upya kama mgeni, na mara nyingi hupewa mkataba mfupi wenye malipo madogo, miaka yake ya utumishi ikihesabiwa sifuri. Bunge linaweza kuliziba pengo hili kwa kifungu kimoja. Vyama vya wafanyakazi havina haja ya kulisubiri: makubaliano ya pamoja yanayojadiliwa upya yanaweza kuwekewa sharti la orodha ya waliopunguzwa, muda wake, na nakala moja ikae ofisini kwa chama.