Kelele Si Jina la Kila Mlio

Kelele ni neno la ajabu. Mwalimu akiingia darasani na kusema "Kelele!" watoto hunyamaza: jina la ghasia limegeuka amri ya kuiondoa. Ubaya huanza pale neno hilohilo linapobebeshwa kila sauti inayotoka ndani ya gari. Kabati lina kelele, droo ina kelele, paa lina kelele, na fundi hajui aanzie wapi. Mwenye gari akiishiwa maneno, huigiza kwa mdomo: ta-ta-ta, kwii, vuuu. Hapo sisi walinzi wa Kiswahili tutege sikio, kwa maana mdomo unaoigiza unaomba istilahi.

Tuanze na gari lenyewe, lile lenye kitanda, jiko na makabati ndani. Wengine huliita karavani. Neno hili chimbuko lake ni Kiajemi, nalo lilikuwa na maana ya kundi la wasafiri wanaoongozana, yaani msafara. Kumbe tukisema karavani tunataja msafara wa gari moja! Gari la kulala nalo linachanganya, maana treni zina mabehewa ya kulala, na gari lililoharibika hulala barabarani.

Mimi napendekeza majina mawili. Land Cruiser zinazokodishwa Arusha na Nairobi zikiwa na hema juu ya paa tuziite magari-kambi, kwa kuwa zinabeba kambi. Lile ambalo mtu analala ndani ya bodi lenyewe liwe gari-malazi. Malazi yametoka kwenye lala kama makazi yalivyotoka kwenye kaa. Jina limezaliwa nyumbani, wala halihitaji mkalimani.

Sasa barabara, mama wa kelele zote. Aliyepita kati ya Lango la Naabi na Seronera, ndani ya Serengeti, anaijua ile njia ya changarawe iliyojikunja vijituta vya kukingama, kimoja baada ya kingine. Tuta ni kubwa mno kwa kazi hii, na rasta za Tanzania ni zile zilizojengwa makusudi juu ya lami. Hivi vya changarawe havikujengwa na mtu. Magurudumu yenyewe huvichonga kadiri yanavyodunda. Naviita makunyanzi ya barabara. Kunyanzi hujitokeza lenyewe, halipangwi na mhandisi.

Juu ya makunyanzi hayo kila kitu ndani ya gari hulia. Lia ni kitenzi kikarimu kupita kiasi: mtoto hulia, simu hulia, bunduki hulia, bawaba hulia. Ukarimu huo unafaa kwa mshairi, lakini unamponza fundi. Anaposikia "linalia", ameambiwa kwamba kuna sauti, hajaambiwa kilichoizaa. Nami nashikilia kwamba istilahi njema ya mlio ni ile inayotaja chanzo chake.

Chanzo cha kwanza ni vitu viwili kupigana: kifuniko na sufuria, komeo na tundu lake, skrubu na bati. Mgongano lingefaa, ila limeshachukuliwa na ajali za barabarani na maslahi ya wanasiasa. Gonga lenyewe ni zito. Kugota ni kupiga kwa wepesi, kama mtu agotaye mlango kwa kidole, na glasi mbili tunazigotanisha. Basi na tuseme mgotano. Kiambishi -an- kinafanya kazi kubwa hapo: kinamkumbusha fundi kwamba watuhumiwa ni wawili daima. Akimkamata mmoja, amtafute na mwenzake.

Mgotano hauwezekani pasipo nafasi kati ya hao wawili. Gereji husema bolti inacheza, na ni usemi mtamu, lakini mchezo una kazi nyingine nyingi katika lugha. Kiswahili kina pwaya, ambalo tumelizoea kwenye pete na suruali. Pete inayopwaya haijavunjika wala haijachakaa, haikubani tu. Droo nyingi za gari-malazi ni vivyo hivyo: ni nzima, ila zinapwaya kwenye reli zake. Napendekeza mpwayo kuwa jina la nafasi hiyo. Ukibonyeza droo kwa kiganja gari likiwa katika mwendo na mgotano ukakoma, umeupata mpwayo.

Kuhusu droo, wazee waliiita mtoto wa meza. Sioni sababu ya kumwacha mtoto huyu apotee. Kabati la gari lina watoto watatu au wanne, na kila dereva wa makunyanzi atakiri kwamba hao ndio wa kwanza kulia na wa mwisho kunyamaza.

Chanzo cha pili ni kusuguana. Nyuso mbili zilizobanana hunata, huvutika, huteleza, kisha hunata tena, mara mamia kwa sekunde, na sikio linapata uzi mwembamba wa sauti. Vitabu vya fizikia vina msuguano, lakini hiyo ni kani, wala si sauti yake. Mkwaruzo nao huacha alama, ilhali sauti hii huweza kulia mwaka mzima bila kuacha mchubuko. Nilivutiwa na mlio sugu, maana sugu ni ndugu wa sugua, tena hubeba ukaidi wa tatizo lisilokwisha. Nimeuacha kwa sababu hiyohiyo: hata mgotano unaweza kuwa sugu.

Turudi kwenye mdomo unaoigiza. Kiswahili hakijawahi kuona haya kugeuza tanakali kuwa nomino; pikipiki imezaliwa hivyo, na kwikwi vilevile. Kwii tukilipa kiambishi cha udogo tunapata kikwii, wingi vikwii. "Bawaba ya juu ina kikwii." Anayecheka kwanza ataelewa pili, na istilahi inayoeleweka bila maelezo imeshashinda.

Chanzo cha tatu hakihitaji kugusana. Bati pana la ubavuni hutetemeka injini inapofikia mwendo fulani, kisha hutulia mwendo ukibadilika. Sauti yake ni mvumo, neno tunalowapa nyuki na upepo, nalo libaki. Tukio lenyewe la bati kulipokea tetemo la injini na kulikuza tuliite mwitikio. Injini huanzisha, bati huitikia, na dawa ni kulitia bati uzito ili lisiitikie kirahisi.

Vitenzi vya tiba navyo vinataka mizani. Kunyamazisha ni kumfumba mtu mdomo. Shauri lake bado lipo. Anayesokomeza sponji kwenye kila ufa amenyamazisha, na sponji likibonyea, sauti inarudi. Kukomesha ni kuondoa chanzo: mgotano hukomeshwa kwa kukaza au kujaza mpwayo, kikwii kwa kuzitenga nyuso au kuzilainisha. Kwa hiyo fundi mwema hakomi kwenye kunyamazisha.

Kile kipande cha mpira wa tyubu au kitambaa kizito cha sufu kinachotandazwa chini ya sufuria tukiite tandiko. Kusokomeza na kutandika ni vitenzi viwili vyenye heshima tofauti. Kinachosokomezwa kimefichwa kwa haraka. Kinachotandikwa kimepimwa na kukatwa.

Mwisho, kilainishi. Wengi husema tu "paka mafuta", na hapo neno linaweza kuharibu gari. Mafuta ya injini huweza kuvimbisha mpira, hivyo mpira wa mlango uliopakwa kwa nia njema huweza kuishia kuharibika. Silikoni na nta ni vilainishi bila kuwa mafuta ya injini. Tukisema kilainishi, tunamwachia fundi achague. Tukisema mafuta, tumeshamchagulia, tena vibaya.

Basi, mlinzi mwenzangu, ukilipeleka gari-malazi lako gereji, usiseme lina kelele. Sema: mgotano kwa mtoto wa chini wa kabati, kikwii kwenye bawaba ya kulia, mvumo likifika kilomita 80 kwa saa. Fundi atajua kama ashike spana, nta au tandiko kabla hajafungua mlango. Na ikiwa unalo jina bora kuliko kikwii, lipeleke hukohuko gereji likatumike. Istilahi isiyotamkwa na mafundi hubaki kamusini tu.