Uzi: Mji ukija kijijini, nani mgeni?

1/ Kila kampeni hatukosi hii ahadi: "Asumbi itakuwa mji." Watu wanapiga makofi. Mimi ni wa Asumbi, lakini miaka minne sasa nimepanga chumba Nyalenda, pembeni mwa Kisumu. Wacha niwaeleze mji uliingiaje huko.

2/ Reli ilifika Kisumu 1901. Wakoloni wakapanga mji kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika wengi nje ya mpaka. Nyalenda na Manyatta zilikuwa mashamba na boma za Waluo.

3/ Mapema miaka ya 1970 mpaka wa manispaa ukasogezwa, ukameza vijiji. Wenyeji hawakuhama hata hatua moja. Walilala kijijini, wakaamka mjini.

4/ Hapa ndipo wengi hukosea kwenye mijadala. Wanadhani mitaa yote ya mabanda ni kama Kibra, iliyokua juu ya ardhi ya serikali. Nyalenda, sehemu kubwa ni ardhi ya watu binafsi wenye hatimiliki. Mzee mwenye ploti yetu amezika babake nyuma ya vyumba vya wapangaji. Aliniambia, "Wananiita mvamizi. Mimi ndio nilivamiwa na mji."

5/ Lakini hatimiliki peke yake haileti barabara. Shamba liligawiwa wana, wana wakagawia wana wao, kila mtu akajenga vyumba vya kupangisha. Njia ikasahaulika. Leo bomba likitaka kupita, lazima lipite kwa mtu, na Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali ikichukua ardhi ya mtu imlipe fidia ya haki, bila kuchelewa. Wakati wa bajeti, hiyo fidia ndio hukwama. Juzi jirani aliugua usiku. Tulimbeba kwa blanketi hadi lami, gari halingeweza kuingia.

6/ Sasa turudi Asumbi. Tuko na misheni, chuo cha walimu, shule ya wasichana, na barabara ya Rongo–Homa Bay. Ploti zinakatwa. Na tangu 2019 sheria ya miji imeshusha idadi ya watu wa kuitwa manispaa, kutoka 250,000 hadi 50,000. Kwa hivyo msidhani hizi ni hadithi za mbali.

7/ Mwanasiasa akija, muulize: Mpaka utapita wapi? Shamba la mahindi litatozwa kodi kama ploti ya mjini? Barabara zitapimwa lini, kabla au baada ya kuuziana?

8/ Hilo la mwisho ndilo zito. Shamba likiwa zima, kuacha njia ni mazungumzo ya familia. Likishakuwa ploti kumi, ni kesi kortini. Mimi nimeshamwambia baba: kabla hatujagawana, tupime njia kwanza. Bado hajanijibu. Kwenu mmeacha njia?