Mwenye Mamlaka ya Kusimamisha Mzigo

Siongiroi iko pembezoni mwa nchi ya chai, upande wa Chepalungu, mahali pa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Huko nako, tukitaja usalama wa telehendla, ile mashine ya magurudumu manne yenye uma mbele na mkono unaorefuka, mazoea ni kuanza na mafunzo ya dereva na cheti cha ukaguzi. Hayo ni ya lazima. Lakini historia ya kunyanyua mizigo katika vilima vya Kericho na Bomet inanipeleka kwenye jambo jingine: hatari hukua pale ambapo uwezo wa kusimamisha mzigo unamtoka mtu anayeuona vizuri.

Nyumba ya zamani ya Wakipsigis, ya fito, udongo na nyasi, ilijengwa na majirani wa kokwet, yaani wa kijiji kimoja, na haikuwa na kipande cha kuwashinda watu wachache. Mizigo ilibadilika baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901, na hasa kampuni za chai za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza mashamba yao Kericho katikati ya miaka ya 1920. Kiwanda cha chai kinataka boila, injini na mitambo ya kusokota na kukausha majani. Stesheni ya karibu ilikuwa Lumbwa, Kipkelion ya leo, na kutoka hapo ni kupanda. Chuma cha namna hiyo hakibebwi kwa ujirani mwema peke yake. Kinahitaji kapi, minyororo, magogo ya kuviringishia na mtu mmoja wa kuhesabu. Mwito wa harambee, kabla Kenyatta hajaufanya wa taifa mwaka 1963, ulikuwa wa watu wanaovuta na kunyanyua kwa pamoja: mmoja anaita, wengine wanaitikia. Kila aliyeshika kamba aliuhisi uzito mkononi, na kilio cha yeyote kilisikika na wote.

Nisieleweke kwamba naisifu enzi hiyo. Migongo iliumia na vidole vikapondwa, na katika mashamba ya kikoloni mwenye sauti mara nyingi alikuwa nyapara, aliyeamuru kazi iende mbio. Mtu aliyefungwa na kipande, kile kitambulisho cha kazi cha kikoloni, hakuwa na nafasi ya kusema mzigo huu siugusi. Kwa hiyo amri zilikuwa mbili, ya kuharakisha na ya kusimamisha, na wakubwa waliithamini ile ya kwanza. Sheria ilichukua muda mrefu kuigeukia ya pili. Sheria ya viwanda ya mwaka 1950, iliyofuata mfano wa Uingereza, ilikazia vifaa: minyororo, kamba na kreni vikaguliwe. Ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inayomtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona, na kumkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla haijaondolewa. Kwa maoni yangu kifungu hicho kina uzito kuliko stika zote zinazobandikwa kwenye kioo cha mashine.

Telehendla iliingia katikati ya historia hiyo na kulitawanya lile kundi la watu. JCB ya Uingereza ilipotoa Loadall mwaka 1977, iliunganisha forklifti na kreni ndogo katika chombo kinachoweza kupita kwenye matope. Dereva mmoja akachukua nafasi ya watu ishirini, ila mikono yake haihisi kitu. Ekseli ya mbele hufanya kazi kama egemeo la mizani: mzigo upande huu, uzito wa mashine upande ule. Mashine inayobeba tani 3.5 karibu na magurudumu huenda isifikishe tani 1 mkono ukinyooshwa mbele hadi mwisho. Mzigo ni ule ule. Umbali ndio umeongezeka. Mzigo ukining'inizwa kwenye ndoano badala ya kukaa kwenye uma, hubembea, na mashine ikiteremka mlima huvutwa mbele. Zaidi ya hayo, kebini kwa kawaida iko kushoto, na mkono huweza kuziba sehemu kubwa ya upande wa kulia. Aliyesimama huko haonekani.

Kuna watakaosema kwamba mashine za sasa zina kengele na kizuizi. Ni kweli, tangu takriban mwaka 2010 viwango vya Ulaya vinataka mashine mpya ijizuie kabla ya kupinduka kwenda mbele. Lakini kifaa hicho kinachukulia kwamba mashine imesimama juu ya ardhi tambarare na ngumu. Hakijui mteremko wa ubavuni, wala udongo uliolainishwa na mvua ya alasiri. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mashine hula ajira. Kericho inalijua hilo kwa uchungu; Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto mashambani. Siwezi kuwaambia wafanyakazi wa mikono kwamba hofu yao ni ya bure. Naweza kusema tu kwamba kazi ya kuelekeza mzigo kwa ishara si ya kufutwa ili kuokoa mshahara, na anayeifuta anahamishia gharama kwa atakayepondwa.

Lipo pia pingamizi la mjenzi mdogo wa mji kama Siongiroi: anakodi mashine kwa siku moja tu, ya nini kumlipa mtu asimame akipunga mikono? Jibu liko ardhini. Mashine ya kukodi huja na dereva wake, mgeni katika kiwanja hicho. Fundi wa hapo ndiye anayejua shimo la choo cha zamani lilifukiwa wapi, na mtaro upi ulijazwa udongo wiki iliyopita. Atembee na dereva njia nzima kabla injini haijawashwa, wakubaliane ishara, na watu waondolewe chini ya mkono. Amri ya kunyanyua itoke kwake peke yake. Ya kusimama inaweza kutoka kwa yeyote, hata anayechanganya saruji, na dereva aitii kwanza, kuuliza baadaye.