Kilio Kilichofutwa: Kumkumbuka Margery Kempe

Lynn, mji wa bandari ulioko mashariki ya Uingereza, ulikuwa katika karne ya 14 makutano ya mabaharia na wafanyabiashara wa Bahari ya Baltiki. Humo, yapata mwaka 1373, alizaliwa Margery, binti wa John Brunham, aliyekuwa meya wa mji huo mara 5. Aliolewa na John Kempe, akazaa watoto 14. Alifanya biashara ya pombe ikamharibikia. Akaanzisha kinu cha farasi, nacho kikamshinda. Ndipo alipoielekeza nafsi yake kwa Mungu.

Mwaka 1413 akapatana na mumewe: yeye atalipa madeni ya bwana huyo, naye bwana atamwachilia aishi maisha ya usafi wa kitawa. Msimu wa mapukutiko alishika njia ya Jerusalem kupitia Venice. Mahujaji wenziwe walimchoka upesi, kwani hakula nyama na hakuacha kumtaja Mungu mezani. Wakaikata kanzu yake ikawa fupi, wakamkalisha mwisho wa meza, apate kuonekana punguani.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa pwani atalipenda. Katika nchi takatifu, alipotaka kupanda mlima ambao Wakristo wanaamini Yesu alifunga siku 40, wenziwe walikataa kumsaidia. Akapita Mwislamu; Margery akamtia sarafu mkononi, naye akamshika na kumpandisha hadi juu. Bibi huyu mwenyewe ameshuhudia kwamba Waislamu wa huko walimtendea wema kuliko watu wa nchi yake.

Ni katika safari hiyo, pale Kalvari, kilipomjia kilio kikuu: akaanguka, akanyoosha mikono, akapiga ukelele. Kilimfuata Roma, kikarudi naye makanisani kwao, na wahubiri wengine hawakukistahimili. Mwaka 1417, alipokwisha kuzuru Santiago ya Uhispania, alikamatwa na kuhojiwa Leicester na York kwa shutuma za uzushi. Shutuma hizo hazikuwa mzaha. William Sawtre, padri aliyewahi kuhudumu mjini Lynn, alichomwa moto mwaka 1401 kwa sababu hiyo hiyo. Margery alijibu maswali ya imani moja baada ya jingine, akaachiliwa. Safari yake kubwa ya mwisho, mwaka 1433, alikuwa na umri wa miaka 60 hivi: alimsindikiza mkwewe, mjane wa mwanawe, hadi Danzig, na tufani ikawasukuma mpaka Norway.

Hayo yote tunayajua kwa sababu aliyasema, na wengine wakayaandika. Mwandishi wa kwanza alikuwa na hati mbovu, na Kiingereza chake kimechanganyika na Kijerumani hata hakisomeki. Mwaka 1436 padri mmoja akaanza kuyanakili upya. Bibi hajiiti "mimi". Hujiita "kiumbe hiki".

Lakini tazama alivyotendewa baada ya kufa. Mwaka 1501 hivi, mpiga chapa Wynkyn de Worde alitoa kijitabu cha kurasa 7 kutoka katika masimulizi hayo. Zimo nasaha za kiroho zenye upole. Ama bahari, mabishano, madeni ya mume na vilio, karibu vyote vimeondolewa. Mwaka 1521 Henry Pepwell akakichapa tena, akamwita mtawa aliyejifungia chumbani. Mwanamke aliyefika Jerusalem na Danzig! Sidhani kuwa walimchukia. Nadhani walitaka mcha Mungu asiyewasumbua, nasi wapenzi wa mashairi tusijione tumesalimika: ni bibi wangapi tuliowakumbuka kwa beti zao za utii tu, tukaacha yaliyobaki?

Kwa zaidi ya miaka 400 Margery akabaki hivyo. Mwaka 1934, katika nyumba ya ukoo wa Butler-Bowdon, ulionekana muswada kamili, nao husimuliwa kwamba ulipatikana kabatini, watu wakitafuta mipira ya kuchezea mezani. Hope Emily Allen aliutambua, na leo umehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, London. Pambizoni mwake zimo alama za watawa wa Mount Grace, waliousoma kwa heshima, vilio na yote.

Mwaka 1438 jina lake liliandikwa katika daftari la chama cha wafanyabiashara cha Utatu, mjini Lynn. Punde baada ya hapo hasikiki tena, na kaburi lake halijulikani.